Picha ya Zamani: Itengeneze, Usimbadilishe Mtu

(MUZIKI WA KUFUNGULIA, SEKUNDE KUMI. UNASHUKA CHINI YA SAUTI, KISHA UNAZIMIKA.)

Kama redio yako ina chaji kidogo, punguza sauti lakini usizime, maana leo kuna hatua za kufuata.

Mazungumzo ya leo ni kwa wewe mwenye picha moja tu. Unajua ninayemsema. Wengi wetu hapa Kakuma, sisi au wazazi wetu, tulifika na vitu vinavyoenea kwenye mfuko mmoja wa plastiki. Ndani ya mfuko ule palikuwa na karatasi za usajili, labda cheti cha shule, na picha. Picha ya mama, ya harusi, ya mtoto aliyebaki nyuma. Imekunjwa mara nne. Imelowa jasho, ikanyeshewa, ikaliwa na mchwa, na vumbi la hapa likamaliza kazi.

Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: picha kama hii inaweza kutengenezwa? Jibu ni kwamba mara nyingi inaweza, tena kwa simu ya kawaida, bila kuigusa ile ya karatasi. Lakini kuna kutengeneza picha, na kuna kubuni mtu. Hayo ni mambo mawili. Ukiyachanganya unaweza kupoteza zaidi ya ulichokuwa umepoteza. Leo nitaeleza yote mawili.

Tuanze na picha yenyewe. Kwa nini inaharibika?

Picha ya zamani ya karatasi ina tabaka jembamba sana juu yake, kama ngozi. Tabaka hilo limetengenezwa kwa jelatini, kitu kinachotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Ndani ya jelatini ndimo picha ilimo. Jelatini ikilowa inavimba na kulainika. Ikikauka inagandamana na chochote kilichoigusa, iwe ni kioo cha fremu, plastiki au picha nyingine. Ndiyo maana picha nyingi za watu wa pwani zimenata kwenye vioo vyake. Unyevu wa bahari ulizilainisha, joto likazikausha.

Picha nyeusi na nyeupe imetengenezwa kwa chembe za madini ya fedha, kwa hiyo huvumilia. Picha za rangi ni dhaifu zaidi. Zina rangi tatu zilizopangwa moja juu ya nyingine, na nyingi za miaka ya 1960 na 1970 rangi ya samawati ndiyo iliyokufa kwanza. Ndipo unaona harusi yote imekuwa nyekundu, bibi harusi mwekundu, ukuta mwekundu, mpaka mti mwekundu. Haikupigwa hivyo. Ni rangi moja imekimbia na kuacha wenzake.

(MUZIKI MFUPI, SEKUNDE TATU.)

Sasa hatua. Chukua kalamu kama unayo.

Hatua ya kwanza: usiiponye karatasi. Usiioshe kwa sabuni. Usiipanguse kwa mate wala kwa kitambaa chenye maji. Usiigundishe kwa selotepu, kwa sababu gundi yake huacha doa la manjano lisilotoka. Na kama imenata kwenye kioo, usiibandue. Narudia, usiibandue. Uso wa mtu utabaki kwenye kioo na wewe utabaki na karatasi nyeupe. Vumbi liondoe kwa kitambaa kikavu laini, polepole, na kama rangi inatoka na kitambaa, acha hapo hapo.

Kuna hali moja tu ambapo maji yanaruhusiwa. Laga ya Tarach ikifurika, au mvua ikiingia nyumbani, na picha zako zikalowa matope zikiwa pamoja, usiziache zikauke zikiwa zimeshikana. Zitenganishe zikiwa bado zimelowa, zisuuze taratibu kwa maji safi ya baridi, kisha zilaze kivulini uso ukiangalia juu. Fanya hivyo siku ile ile au kesho yake, kabla ukungu haujaota. Baada ya tsunami ya Japani ya mwezi Machi 2011 watu wa kujitolea waliokota picha kwa maelfu ndani ya matope, wakaziosha kwa maji namna hii na kuwatafuta wenyewe. Watu waliopoteza nyumba nzima walirudishiwa picha.

Hatua ya pili: ipige picha ile picha. Toka nje, ukae kivulini, pembeni mwa nyumba au chini ya mti. Jua kali linaleta mng'ao, na taa ya simu inaleta mng'ao zaidi, kwa hiyo zima taa. Futa kioo cha kamera kwa pindo la kanga. Laza picha mahali palipo sawa, shika simu juu yake sawasawa, isiinamie upande. Piga mara tano au sita. Kama picha iko nyuma ya kioo, mwombe mtu ashike buibui au shuka nyeusi nyuma yako na juu ya simu. Utaona mng'ao wa mbingu umeondoka.

Hatua ya tatu: hifadhi nakala ya kwanza na usiiguse tena. Hiyo ndiyo mbegu. Ukitaka kumtumia ndugu yako kwa WhatsApp, itume kama faili, yaani "dokumenti", usiitume kama picha. WhatsApp huibana picha ili bando lisiishe haraka, na ikibanwa vitu vidogo vidogo hupotea, na pengine hivyo vidogo ndivyo sura ya mtu.

Hatua ya nne: fanya kazi kwenye nakala ya pili. Hapa ndipo simu inaposaidia. Kuna programu za bure, mfano Snapseed. Unaweza kukata kingo zilizoraruka, kuongeza giza mahali palipofifia, na kupunguza ule wekundu niliousema. Ndani yake kuna kifaa chenye alama ya plasta ya kidonda. Ukigusa doa kwa kidole, kifaa kinachukua sehemu ya jirani na kulifunika. Doa lililo kwenye anga, kinaliziba kwa anga. Lililo kwenye ukuta, kinaliziba kwa ukuta. Mwenye nafasi ya kutumia kompyuta, atafute programu ya GIMP, nayo ni bure. Ina kifaa chenye alama ya muhuri kinachofanya kazi hiyo kwa utaratibu zaidi.

Sheria yangu ni nyepesi. Anga, ukuta, mchanga, nguo iliyo wazi: ziba. Jicho, pua, mdomo, kovu, maandishi: usiguse.

(SAUTI YA MAWIMBI, SEKUNDE TANO. INAFIFIA.)

Nitawaeleza kwa nini, kwa picha moja ninayoijua.

Kwetu ni Fuma. Kwa wasioijua, ni kisiwa kimoja katika visiwa vya Bajuni, vinavyojipanga kusini ya Kismayo kuelekea mpaka wa Kenya. Vingine ni Koyama, Chovai na Chula. Mimi nimezaliwa hapa Kakuma, Fuma sijaiona. Bibi yangu aliondoka kule vita vilipokolea baada ya serikali ya Somalia kuanguka Januari 1991. Walipanda mashua kuja Mombasa kama walivyofanya Wabajuni wengi. Wakakaa kambi za pwani, zile za Utange na Jomvu, na kambi zile zilipofungwa, miaka hiyo hiyo ya 1990, wakaletwa huku kusiko na bahari.

Bibi ana picha moja. Ni nyeusi na nyeupe, imepigwa Fuma kabla ya vita na mpiga picha aliyetoka Kismayo. Wanaume watatu wamesimama kando ya mashua iliyovutwa pwani. Wa kwanza ni babu yangu. Wa pili ni kaka mkubwa wa bibi. Wa tatu ni mdogo wake, ambaye hakufika Mombasa. Mashua aliyopanda haikuonekana tena.

Picha ile ililowa maji ya chumvi. Mkunjo umepita katikati ya tanga, madoa yametapakaa mchangani, na maji yamekula uso wa yule wa tatu. Imebaki kofia yake aliyoiinamisha upande, bega, na mkono ulioshika foromali.

Jamaa mmoja mwenye kibanda cha simu alijitolea kuitengeneza. Akaipitisha kwenye programu ya akili bandia. Dakika moja tu, picha ikarudi safi kama imepigwa jana. Mkunjo hamna, madoa hamna, na yule wa tatu ana uso. Macho makubwa, ndevu zimechongwa, anatabasamu. Nyumba nzima tulipiga makofi.

Bibi akaishika simu. Akaisogeza, akaitenga mbali, akaisogeza tena. Kisha akauliza, "Mjukuu wangu, huyu ni mwana wa nani?"

Tukamwambia ni mdogo wako, bibi. Akasema, "Kijana mzuri, mashaallah. Lakini siye. Muondoeni. Nikimtazama huyu kila siku nitamsahau yule."

Wasikilizaji, hebu yashikeni maneno hayo. Bibi hajasoma kompyuta, lakini alichokisema ndicho wanachokisema mafundi wenyewe.

Programu hizi hazikumbuki mtu wako. Haziwezi, hazikumwona. Zimefundishwa kwa maelfu ya nyuso za watu wengine, nyingi zimetoka kwenye mtandao. Zikikuta uso umefutika, zinajiuliza: nyuso nilizozoea, hapa huwa na nini? Kisha zinachora. Kinachotoka ni kisio, ingawa kimevaa nguo za picha.

Mwaka 2020 watu waliijaribu programu moja iliyotoka Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, iitwayo PULSE. Waliipa picha ya Barack Obama iliyofifishwa mpaka ikawa vipande vipande vya miraba. Ikaisafisha, na aliyetoka alikuwa mzungu. Obama, mtu anayejulikana dunia nzima, ambaye baba yake ni mtu wa hapa Kenya! Kama mashine ilimpoteza yeye, itampata wapi mvuvi wa Fuma ambaye picha yake ni moja tu duniani?

Sisemi kupamba picha ni jambo baya. Watu wa pwani tumelifanya zamani kabla ya simu. Lamu kulikuwa na Bakor Studio ya marehemu Omar Said Bakor. Yeye alikata picha kwa mkasi, akaziunganisha na kumweka mtu mahali ambapo hakuwahi kusimama. Watu walipenda na walilipa. Lakini kila mtu alijua ni pambo. Simu ya leo inapamba bila kukuambia.

Basi tulifanya nini? Yule jamaa, Mungu ambariki, hakuwa ameifuta nakala ya kwanza. Tukarudi kwayo. Mkunjo wa kwenye tanga ukazibwa kidogo kidogo kwa kidole. Madoa ya mchangani yakaondolewa. Sura ya babu ikapata mwanga zaidi, hakuna kilichoongezwa. Uso wa yule wa tatu ukaachwa vile vile, weupe. Chini yake tukaandika jina lake, na jina la baba yake, na "Fuma". Picha hiyo ndiyo iliyo ukutani kwa bibi sasa. Wageni wakiuliza mbona huyu hana uso, bibi anapata nafasi ya kumsimulia. Anasema alikuwa mtu wa mzaha, na kofia hakuivaa sawa hata siku moja.

(MUZIKI MFUPI, SEKUNDE TATU.)

Sasa jambo zito. Sikiliza vizuri, hasa wewe mwenye kesi au mwenye ndugu ughaibuni.

Picha iliyo kwenye hati usiitengeneze kabisa. Kitambulisho, pasipoti, cheti cha kuzaliwa, karatasi ya usajili, kadi ya chakula. Hata kama imefifia, hata kama unaona unasaidia. Ukiigusa, ofisa anaweza kuiona kama hati ya kughushi, na hutakuwa na la kujitetea. Peleka kama ilivyo, ueleze imeharibikaje, uombe nyingine kwa njia ya kawaida. Huduma za usajili wa wakimbizi ni za bure. Mtu anayekuambia umlipe akusafishie karatasi mpaka ifanane na mpya, mkwepe.

Na picha ya familia ukitaka kuionyesha ofisini kama ushahidi, toa ile ya karatasi. Ukitoa na iliyotengenezwa, zitoe pamoja na useme wazi: hii ya zamani, hii imesafishwa. Usiache ofisa agundue mwenyewe. Wabajuni tunaujua uzito wa jambo hili. Wengi wetu waliofika nchi kama Uingereza walitiliwa shaka kwamba si wa visiwani. Wakaulizwa visiwa na majina yake, wakaulizwa samaki na namna ya kuvua, hata usemi wao ukarekodiwa na kuchunguzwa. Mtu kama huyo akitoa picha yenye uso mmoja uliobuniwa na mashine, nyuso zote zitashukiwa, hata zile za kweli.

Ni hivyo hivyo ukimtafuta mtu kupitia huduma ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta jamaa. Uso wa kubuni utamtafuta mtu asiyekuwepo, na wako atapita pembeni bila kutambuliwa.

Jambo lingine ni usiri. Programu nyingi za akili bandia hazifanyi kazi ndani ya simu yako. Zinaituma picha mbali, kwenye kompyuta za watu usiowajua. Kwenye picha ile kuna ndugu ambao huenda bado wako nyumbani, mahali ambapo kutambuliwa kunaweza kuwaletea shida. Kabla hujabonyeza, jiulize kama wangekubali.

(MUZIKI MFUPI, SEKUNDE TATU.)

Tumalizie na kazi isiyohitaji simu wala bando, na kwangu hii ndiyo kubwa kuliko zote: majina.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu Mwitaliano, Vinigi Grottanelli, alikuja kwenye pwani yetu kuwachunguza wavuvi Wabajuni, mashua zao, nyumba zao na uvuvi wao. Kitabu chake kilitoka Roma mwaka 1955. Kwa hiyo kuna kumbukumbu ya wazee wetu iliyoandikwa kwa Kiitaliano, mbali na sisi. Lakini hakuna kitabu cha Roma kitakachokuambia yule aliyesimama kulia kwenye picha yako ni nani. Hilo analijua mzee wako peke yake, na mzee hana nakala ya pili.

Kwa hiyo jioni ya leo, kaa naye na picha. Muulize maswali matano. Huyu ni nani, na ni mwana wa nani? Hapa ni wapi? Nani aliipiga? Ilikuwa lini? Kama hakumbuki mwaka, muulize ni kabla au baada ya jambo gani: kabla ya vita, baada ya mafuriko, mwaka ule fulani alipozaliwa. Na la tano: hiki kilicho nyuma ni nini? Mara nyingi hadithi iko nyuma, kwenye mashua, kwenye mlango, kwenye mti. Ukitaka kuipaka rangi picha nyeusi na nyeupe, mwulize pia kanga ile ilikuwa ya rangi gani. Usiiachie mashine ichague.

Mrekodi kwa simu akijibu. Majina yaandike nyuma ya picha kwa penseli, pembeni, taratibu. Usitumie kalamu ya wino, wino hupenya na kutokea mbele. Kama karatasi ni dhaifu, andika kwenye karatasi nyingine na uziweke pamoja ndani ya bahasha. Bahasha iweke mahali pakavu, mbali na mabati ya paa, kwa sababu joto la pale juu linaua picha polepole.

Kwa ufupi, ndugu msikilizaji. Moja: karatasi usiioshe wala usiibandue. Mbili: piga picha kivulini bila taa ya simu. Tatu: nakala ya kwanza usiiguse. Nne: ziba mchanga na anga, uso uache. Tano: hati usizitengeneze kamwe. Sita: andika majina kabla mwenye kuyajua hajaondoka.

Mwenye picha inayomshinda aje kwenye studio yetu Alhamisi baada ya alasiri. Hatutozi pesa. Tutakusaidia kuipiga na kuihifadhi, na picha yako ya karatasi utaondoka nayo mkononi siku hiyo hiyo. Ukiweza, njoo na mzee wako.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya maji ya kunywa msimu huu wa joto. Mpaka hapo, kwaherini, na Mungu awalinde nyinyi na watu wenu.

(MUZIKI WA KUFUNGIA UNAPANDA, SEKUNDE KUMI NA TANO. MWISHO.)